Emmanuil Xanthos

Emmanuil Xanthos (Patmos, 1772 – Athens, 28 Novemba 1852) alikuwa mfanyabiashara Mgiriki aliyezaliwa chini ya utawala wa Milki ya Osmani. Anakumbukwa kama mmojawapo wa watu watatu walioanzisha Filiki Eteria, yaani Jumuiya ya Marafiki, chama cha siri kilichoandaa vita vya uhuru wa Ugiriki vilivyoanza mwaka 1821.

Hakuwa jemadari, wala hakuwa msomi wa kuandika vitabu vya falsafa. Kazi yake katika harakati ilikuwa ileile aliyoizoea katika biashara: kuandika barua, kutunza fedha za wengine, kusafiri na kushawishi. Mwaka 1845 alichapisha kumbukumbu zake ili kujibu tuhuma za wenzake wa zamani, na maandishi hayo yamebaki kuwa chanzo muhimu kwa yeyote anayechunguza mwanzo wa chama hicho.

Asili na elimu

Xanthos alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Patmos, ambacho wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakijua kwa jina la Patmo kutokana na kitabu cha Ufunuo. Kisiwa hicho kina mawe mengi na ardhi haba ya kilimo, hivyo tangu zamani watu wake walitegemea bahari na biashara. Hata hivyo kilikuwa na monasteri kubwa ya Mt. Yohane na, tangu mwaka 1713, shule iliyojulikana kote katika ulimwengu wa Kigiriki. Xanthos alipata elimu yake huko. Kwa kijana wa kisiwani aliyejua kusoma, kuandika na kupiga hesabu, ukarani wa biashara ulikuwa njia ya kawaida ya kuondoka nyumbani. Alikwenda kwanza Trieste, bandari ya Austria kwenye Bahari ya Adria, iliyokuwa na jumuiya kubwa ya Wagiriki.

Wafanyabiashara Wagiriki chini ya Waosmani

Ili kumwelewa Xanthos ni lazima kuelewa nafasi ya watu wa aina yake. Katika Milki ya Osmani raia walipangwa kwa dini zao zaidi kuliko kwa lugha au kabila. Wakristo Waorthodoksi wote, wawe Wagiriki, Wabulgaria, Waserbia au Waromania, walihesabiwa kuwa jumuiya moja, wakiitwa Rum, na kiongozi wao mbele ya Sultani alikuwa Patriarki wa Konstantinopoli (leo Istanbul). Waliruhusiwa kufuata dini yao, lakini walilipa jizya na hawakuwa sawa na Waislamu mbele ya sheria.

Hali hiyo haikuwazuia baadhi yao kutajirika. Baada ya Urusi kuwashinda Waosmani, mkataba wa Küçük Kaynarca wa mwaka 1774 ulifungua Bahari Nyeusi kwa meli za biashara za Kirusi, na mkataba mwingine wa mwaka 1783 ukaongeza haki hizo. Manahodha wengi Wagiriki wakapandisha bendera ya Urusi kwenye merikebu zao. Mwaka 1794 Malkia Katerina II alianzisha mji wa Odessa, na ngano ya Ukraine ikaanza kusafirishwa kutoka huko kwenda Mediteranea, sehemu kubwa ikiwa mikononi mwa Wagiriki. Vita vya Napoleon vilipovuruga biashara ya Wafaransa na Waingereza, faida ya Wagiriki iliongezeka zaidi.

Mfanyabiashara wa namna hiyo alikuwa mtu wa pande mbili. Alipokuwa Odessa, Vienna au Trieste aliona nchi zenye sheria za biashara, mabaraza ya wafanyabiashara na magazeti. Aliporudi Konstantinopoli au Ioannina mali yake ilitegemea hisani ya ofisa au pasha. Kwa upande mwingine, matajiri wengi walikuwa na mengi ya kupoteza kama utaratibu uliokuwepo ungevunjika. Ndiyo sababu katika miaka ya mwanzo si wakubwa wa biashara waliojiunga na harakati za siri, bali wale wa kati na wadogo, wenye elimu kiasi, mtaji mdogo na madeni.

Biashara ya mafuta ya zeituni

Mwaka 1810 Xanthos alihamia Odessa, akawa karani wa mfanyabiashara Vasilios Xenis. Miaka miwili baadaye alikwenda Konstantinopoli, akaungana na wafanyabiashara kutoka Ioannina kuunda kampuni ya kununua na kuuza mafuta ya zeituni. Kwa ajili ya kampuni hiyo alisafiri mwaka 1813 hadi Preveza, bandari ya magharibi iliyokuwa chini ya Ali Pasha wa Ioannina, mtawala aliyejulikana kwa ukali na tamaa ya mali.

Karibu na hapo kuna kisiwa cha Lefkada, ambacho wakati huo kilikuwa kimetwaliwa na Waingereza. Xanthos alikwenda huko, na rafiki yake akamwingiza katika tawi la Wafrimasoni. Baadaye alieleza kwamba hapo ndipo alipoona jinsi watu wanavyoweza kufungwa pamoja kwa kiapo, ishara na ngazi za siri, akawaza kuwa utaratibu kama huo ungefaa kwa ukombozi wa Wagiriki. Kampuni ya mafuta haikufanikiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo alirudi Odessa akiwa na wazo jipya kuliko faida.

Kuanzishwa kwa Filiki Eteria

Huko Odessa alikutana na Nikolaos Skoufas, mtu wa karibu na Arta aliyekuwa mtengeneza kofia kabla ya kuingia kwenye biashara, na Athanasios Tsakalov, kijana wa Ioannina ambaye baba yake aliuza manyoya ya wanyama huko Moscow. Tsakalov alikuwa amesoma Paris, na huko alishiriki katika chama cha Wagiriki. Katika mwaka 1814 watatu hawa waliamua kuanzisha chama cha siri. Mapokeo yanataja tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba.

Neno eteria katika Kigiriki lina maana ya jumuiya, lakini ni neno hilohilo linalotumika kwa kampuni ya biashara. Kwa hiyo mtu aliyesikia wafanyabiashara wakizungumza juu ya eteria yao hakuwa na sababu ya kushtuka.

Ngazi za chama zilifuata mfano wa Wafrimasoni. Wasiojua kusoma waliingizwa katika ngazi ya ndugu wa kiapo. Juu yao walikuwa waliopendekezwa, kisha makuhani, kisha wachungaji. Majina ya makuhani na wachungaji hayakuwa na maana ya daraja za Kanisa, ingawa yaliwapa wanachama hisia ya jambo takatifu. Kila mwanachama alikula kiapo na kutoa mchango wa fedha. Viongozi walijulikana kwa herufi tu: Tsakalov alikuwa A.B., Skoufas A.G. na Xanthos A.D., kwa kufuata mpangilio wa alfabeti ya Kigiriki.

Juu ya wote palikuwa na kile kilichoitwa Mamlaka Isiyoonekana. Wanachama wa kawaida hawakuambiwa ni nani. Wengi waliamini kuwa ni Tsar Alexander I wa Urusi mwenyewe, au angalau waziri wake Ioannis Kapodistrias, Mgiriki wa Corfu. Kumbe walikuwa wafanyabiashara watatu wasio na jina, ambao mmoja wao alikuwa ametoka kupata hasara ya mafuta. Hawakusema wazi kwamba Tsar alikuwa nyuma yao, lakini hawakukanusha. Kwa lugha ya dukani, walifanya biashara kwa dhamana ya jina la mtu ambaye hakuwahi kutia sahihi. Hili ndilo jambo gumu zaidi katika historia ya Filiki Eteria: bila imani hiyo chama kisingekua, na kwa sababu ya imani hiyo watu wengi waliingia vitani wakitarajia msaada ambao haukuja.

Miaka ya Konstantinopoli

Mwanzoni chama kilikua polepole sana. Mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa Georgios Sekeris, mwanafunzi kutoka familia ya wafanyabiashara wa Tripolitsa, na kwa karibu miaka miwili waliojiunga walikuwa wachache. Xanthos alirudi Konstantinopoli mwishoni mwa mwaka 1814 na kuendelea na shughuli za biashara huku akitunza mambo ya chama. Baada ya mwaka 1815 amani ilirudi Ulaya, meli za mataifa makubwa zikarudi baharini, na faida za Wagiriki zikapungua. Wafanyabiashara waliofilisika au waliokaribia kufilisika walikuwa tayari zaidi kusikiliza. Utafiti wa orodha za wanachama umeonyesha kwamba kati ya wale ambao kazi zao zinajulikana, zaidi ya nusu walikuwa wafanyabiashara.

Mwaka 1818 makao ya chama yalihamishiwa Konstantinopoli, karibu kabisa na ikulu ya Sultani. Skoufas alifariki mjini humo mwezi Julai mwaka huohuo. Mwaka huo pia alijiunga Panagiotis Sekeris, ndugu wa Georgios, tajiri mwenye meli na maduka, ambaye alitoa fedha nyingi kuliko mwanachama yeyote hadi mali yake ikaisha. Kwa fedha zake wajumbe walioitwa mitume walitumwa Peloponnese, visiwani, Epirus, Makedonia na nchi za mto Danubi.

Siri ilikuwa na gharama yake. Nikolaos Galatis wa Ithaca, aliyekwenda hadi Sankt Peterburg akijitangaza kama mjumbe wa chama na kufanya Kapodistrias akasirike, alionekana kuwa hatari kwa sababu alidai fedha na kutishia kutoa siri. Mwaka 1819 aliuawa karibu na Ermioni, katika safari aliyofuatana na Tsakalov. Mwanachama mwingine, Kyriakos Kamarinos, aliuawa baada ya kugundua kwamba Urusi haikuwa nyuma ya chama na kuanza kusema hivyo. Vitabu vya shule vya kizalendo hupita haraka juu ya vifo hivi. Lakini mtu wa pili aliuawa kwa kusema kweli.

Safari ya kutafuta kiongozi

Kufikia mwaka 1819 chama kilikuwa kimekua kuliko uwezo wa waanzilishi wake. Wanachama walitaka kumwona kiongozi. Xanthos alichaguliwa kwenda Urusi kumtafuta. Aliondoka Konstantinopoli, akapita Milies katika mlima Pelion kushauriana na padre msomi Anthimos Gazis, kisha akaelekea Moscow na hatimaye Sankt Peterburg, alikofika Januari 1820.

Alionana na Kapodistrias na kumpa uongozi. Kapodistrias alikataa. Alikuwa waziri wa Tsar, na Tsar alikuwa mmoja wa watawala walioapa kuzuia mapinduzi yoyote Ulaya. Zaidi ya hayo hakuamini kwamba Wagiriki walikuwa tayari. Kwa Xanthos lilikuwa pigo kubwa, maana jina lililobeba chama kwa miaka sita lilikuwa limekataa kubebeshwa mzigo.

Hakurudi mikono mitupu. Alimwendea Alexander Ypsilantis, ofisa wa jeshi la Urusi na msaidizi wa kijeshi wa Tsar, aliyepoteza mkono wa kulia katika mapigano ya Dresden mwaka 1813. Familia yake ilikuwa ya Wafanarioti, yaani jamaa za Kigiriki za Konstantinopoli zilizotumikia Sultani katika vyeo vya juu. Baba yake aliwahi kutawala Walakia na Moldavia kwa niaba ya Waosmani. Mwezi Aprili 1820 Ypsilantis alikubali. Mazungumzo hayo pengine ndiyo kazi kubwa kuliko zote za maisha ya Xanthos, nayo ilikuwa kazi ya dalali: kumkutanisha mwenye cheo na watu wenye haja.

Vita vya mwaka 1821

Mnamo Oktoba 1820 viongozi walikutana Izmail, Bessarabia, kujadili mpango. Tarehe 6 Machi 1821 (22 Februari kwa kalenda ya Juliasi waliyoitumia Waorthodoksi) Ypsilantis alivuka mto Prut na kuingia Moldavia, akitoa tangazo lililodokeza kwamba dola kubwa ingewasaidia. Tsar, aliyekuwa kwenye mkutano wa wafalme huko Laibach (leo Ljubljana), alimkana hadharani.

Wenyeji wa Walakia na Moldavia nao hawakuwa na sababu ya kupigania Ugiriki. Wakulima wa Kiromania walikuwa wamechoshwa na watawala Wafanarioti na kodi zao, na kiongozi wao Tudor Vladimirescu alikuwa na malengo yake mwenyewe. Ushirikiano ulivunjika, na watu wa Ypsilantis wakamkamata Vladimirescu na kumuua. Jeshi la Ypsilantis lilishindwa Drăgășani tarehe 19 Juni 1821, ambapo Kikosi Kitakatifu cha wanafunzi vijana kiliangamizwa. Yeye alikimbilia Austria, akafungwa miaka kadhaa, na kufariki Vienna mwaka 1828 muda mfupi baada ya kuachiwa.

Wakati huohuo uasi uliwaka Peloponnese, na huko haukuzimika. Gharama yake iliangukia watu wengi ambao hawakuwahi kula kiapo chochote. Konstantinopoli, Patriarki Gregorio V alikuwa amewatenga waasi na Kanisa, hata hivyo Sultani Mahmud II aliamuru anyongwe siku ya Pasaka, naye akatundikwa kwenye lango la makao yake. Wagiriki wengine wengi wa mjini waliuawa. Panagiotis Sekeris aliponea kwa kukimbilia Odessa. Mji wa biashara wa Ayvalık uliteketezwa mwaka huohuo, na mwaka 1822 wakazi wa Chios, kisiwa cha wafanyabiashara ambao wengi wao walitaka kukaa nje ya vita, waliuawa au kuuzwa utumwani kwa maelfu. Upande wa pili, Wagiriki walipoiteka Tripolitsa mnamo Oktoba 1821 waliwaua maelfu ya Waislamu na Wayahudi, wakiwemo wanawake na watoto. Majirani walioishi pamoja kwa vizazi, wakinunua na kuuziana sokoni, walijikuta wakihesabiwa kuwa mataifa mawili.

Xanthos mwenyewe hakuwa mtu wa bunduki. Baada ya kushindwa kwa Ypsilantis alifika Ugiriki, lakini huko madaraka yalikuwa tayari mikononi mwa makabaila wa Peloponnese, wenye meli wa visiwani na majemadari wa milimani. Mtu aliyekuwa A.D. katika orodha ya siri hakuwa na askari, meli wala mashamba. Baadaye aliishi Walakia kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi Ugiriki, nchi ambayo tayari ilikuwa imetambuliwa kuwa huru mwaka 1830 na kupewa mfalme Mbavaria, Otto.

Mgogoro juu ya historia ya chama

Mwaka 1834 mwandishi Ioannis Philemon alichapisha mjini Nafplio kitabu cha kwanza kuhusu historia ya Filiki Eteria. Habari zake nyingi alizipata kwa Panagiotis Anagnostopoulos, mwanachama wa mapema wa uongozi ambaye hakuelewana na Xanthos. Katika masimulizi hayo nafasi ya Xanthos kama mwanzilishi ilipunguzwa, na mwenendo wake katika mambo ya chama, fedha zikiwemo, ulitiliwa shaka.

Kwa mfanyabiashara hakuna tuhuma nzito kuliko hiyo. Chama cha siri hakikuwa na ofisi wala wakaguzi wa hesabu; fedha zilipita mkono kwa mkono kwa uaminifu mtupu, na walioweza kushuhudia wengi walikuwa wamekufa. Lakini Xanthos alikuwa ametunza karatasi zake. Barua, orodha na hesabu alizozihifadhi kupitia miji na mipaka yote hiyo ndizo alizotumia kujitetea katika kumbukumbu zilizochapishwa Athens mwaka 1845. Kitabu hicho hakina mvuto mkubwa kwa lugha yake. Kinasomeka kama maelezo ya mtu anayefungua daftari mbele ya wadai: nani alikuja lini, nani alitoa nini, barua ipi ilijibiwa. Ni kweli pia kwamba ni utetezi wa mtu mmoja, na msomaji anapaswa kukilinganisha na vyanzo vingine, hasa pale anapowasema Anagnostopoulos na wenzake. Hata hivyo wanahistoria wa leo wanakubali kwa jumla kwamba waanzilishi walikuwa Skoufas, Tsakalov na Xanthos.

Wakati wa kuchapishwa kwake una maana pia. Katika bunge la katiba la mwaka 1844 kulikuwa na mjadala mkali kuhusu Wagiriki waliozaliwa nje ya mipaka ya ufalme mpya, wengi wakitaka wazuiwe kushika kazi za serikali. Patmos, nyumbani kwa Xanthos, ilibaki chini ya Sultani. Kwa hiyo mmoja wa watu walioianzisha safari ya uhuru alikuwa, kwa maana hiyo, mtu wa kuja.

Miaka ya mwisho

Xanthos hakutajirika kutokana na uhuru. Hata Panagiotis Sekeris, aliyekuwa tajiri kuliko wote, alirudi Ugiriki akiwa maskini na kupewa kazi ya ofisa wa forodha. Tsakalov alihamia Urusi na kufariki Moscow mwaka 1851. Xanthos aliishi miaka yake ya mwisho Athens katika hali ya shida, akiwa wa mwisho kati ya wale watatu. Alifariki tarehe 28 Novemba 1852 baada ya kuanguka kwenye ngazi za jengo la Bunge, akiwa na umri wa takriban miaka 80.

Nyaraka zake zimehifadhiwa Athens na zimechapishwa. Uwanja mkuu wa mtaa wa Kolonaki mjini humo una jina rasmi la Filiki Eteria, ingawa watu wengi huuita kwa jina la mtaa tu, na huko Odessa kuna jumba la makumbusho la chama hicho. Ioannina, alikozaliwa Tsakalov, iliingia Ugiriki mwaka 1913. Patmos ilitwaliwa na Italia kutoka kwa Waosmani mwaka 1912, ikaunganishwa rasmi na Ugiriki mwaka 1948.